Kupima Kani ya Sumaku kwenye Waya Unaopitisha Umeme kwa Mizani ya Sonara: Mwongozo Kamili

Jaribio hili hushindikana kwa namna ileile karibu kila mara. Mwanafunzi huchukua waya, huupitisha katikati ya sumaku mbili, huuunganisha na betri, kisha husubiri kuiona kani ambayo kitabu kimesema ipo. Waya hutikisika kidogo au hautikisiki kabisa, betri hupata joto, na fomula F = BIL (F ni kani, B ni nguvu ya uga, yaani eneo ambamo sumaku huvuta au kusukuma, I ni mkondo, na L ni urefu wa waya) hubaki kuwa jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Tatizo si fomula. Kani inayotafutwa ni ndogo mno, kwa kawaida chini ya uzito wa gramu moja na nusu, na waya uliofungwa kwenye nyaya nyingine nzito hauwezi kuionyesha. Dawa yake ni kuacha kuuangalia waya na kuzipima sumaku. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, sumaku ikiusukuma waya juu, waya nao huisukuma sumaku chini kwa kani iliyo sawa kabisa. Tukiuzuia waya usisogee na kuziweka sumaku juu ya mizani, mizani itatuambia ukubwa wa kani hiyo bila sisi kuona chochote kikisogea.

Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi wa sekondari na mwalimu asiye na maabara iliyokamilika. Kwa utulivu, kazi yote huisha katika mchana mmoja.

## Vifaa vinavyohitajika

- Mizani ndogo ya kidijitali ya aina wanayotumia masonara, inayosoma hadi gramu 0.01 na kubeba angalau gramu 500. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai hata kidogo.
- Sumaku bapa mbili za kauri nyeusi, kila moja yenye urefu wa sentimita 5 hivi, kimo cha sentimita 2.5 na unene wa sentimita 1, zenye ncha kwenye nyuso zake pana.
- Kipande cha bati nene la chuma, milimita 3 hadi 5, kilichokunjwa na fundi wa kuchomelea kuwa herufi U ya pembe mraba, ili sumaku zikibandikwa ndani yake libaki pengo la sentimita 3.
- Waya wa shaba wa nyumba usio na nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 1.5. Ugumu wake ndio unaotakiwa.
- Betri ya pikipiki ya volti 12, iliyofunikwa kabisa.
- Balbu za pikipiki za volti 12: moja ya indiketa ya wati 10, na tatu za breki za wati 21/5 (kila moja ina nyuzi mbili ndani, mmoja wa wati 21 na mwingine wa wati 5), pamoja na soketi zake.
- Multimita yenye tundu la ampea 10, fyuzi ya gari ya ampea 10, swichi, na konekta za plastiki za skrubu.
- Dira ndogo, rula, karatasi ya grafu, kipande cha povu jeupe linalofungia televisheni, na mbao za kutengenezea stendi.

Stendi iwe ya mbao. Stendi ya chuma ya maabara huvutwa na sumaku, na mvuto huo huingia kwenye namba za mizani.

## Hatua ya 1: Tengeneza uga ulio imara

Bandika sumaku moja kwenye ukuta mmoja wa U na ya pili kwenye ukuta wa pili. Nyuso zinazotazamana lazima ziwe za ncha tofauti, yaani kaskazini ielekee kusini. Ukikosea na kuelekeza ncha zinazofanana, uga wa sumaku moja utaufuta uga wa nyingine katikati ya pengo, nawe utapima sifuri mchana kutwa.

Njia ya haraka ya kuhakiki ni kuzishika sumaku mikononi kabla ya kuzibandika. Nyuso zinazovutana ndizo zinazopaswa kutazamana. Kisha tumia dira kutambua ni uso upi wa kaskazini: ncha ya dira inayoelekea kaskazini huvutwa na ncha ya kusini ya sumaku. Andika K (kaskazini) na S (kusini) kwa kalamu, kwa kuwa utazihitaji herufi hizo katika hatua ya 6. Dira isiguse sumaku, kwani sumaku yenye nguvu inaweza kuigeuza ncha za sindano yake, na dira hiyo itakudanganya kuanzia siku hiyo.

Chuma cha U hakipo kwa ajili ya kushikilia tu. Kinazipa mistari ya uga njia rahisi ya kurudi kutoka nyuma ya sumaku moja hadi nyuma ya nyingine, na kwa hiyo uga katika pengo unaongezeka huku ule unaovuja nje ukipungua. Ukitumia mbao badala ya chuma, jaribio bado litafanya kazi, lakini namba zako zitakuwa ndogo zaidi.

Onyo. Ukiamua kutumia sumaku zilizotolewa kwenye diski kuu za kompyuta mbovu, fahamu kwamba hizo ni kali kuliko za kauri na zinaweza kubana kidole hadi kitoke damu. Ziweke mbali na watoto wadogo, kwa sababu sumaku mbili zikimezwa hushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizisogelee.

## Hatua ya 2: Itenge mizani na sumaku

Weka kipande cha povu chenye kimo cha sentimita 10 juu ya sahani ya mizani, kisha weka U na sumaku zake juu ya povu hilo. Umbali huu ni wa lazima, kwa kuwa ndani ya mizani mna skrubu na vipande vya chuma vinavyoweza kuvutwa.

Sasa izungushe U robo mzunguko juu ya povu na usome tena. Namba ikibaki ileile, au ikitofautiana kwa gramu 0.01 tu, mizani imetengwa vizuri. Ikibadilika zaidi ya hapo, ongeza kimo cha povu. Hakikisha pia kwamba uzito wote hauzidi uwezo wa mizani.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui nalo limeharibu kazi nyingi: usibonyeze kitufe cha kurudisha sifuri. Mizani nyingi za bei nafuu, zikiwa karibu na sifuri, hujirekebisha zenyewe kimyakimya ili namba ibaki 0.00, na kwa hiyo badiliko dogo unalolitafuta linamezwa kabla hujaliona. Iache mizani ionyeshe uzito kamili, tuseme gramu 186.42, kisha utoe mwenyewe kwa kalamu.

Zima feni na funga dirisha. Kwa mizani ya kiwango hiki, upepo mdogo unatosha kuzichezesha namba.

## Hatua ya 3: Kunja fremu ya waya

Menya waya wa shaba, uunyooshe, kisha uukunje uwe na miguu miwili mirefu ya wima na kipande kifupi cha mlalo chini. Kipande hicho cha mlalo kiwe na urefu wa sentimita 4 kamili, na miguu iwe na angalau sentimita 20. Tengeneza fremu nyingine mbili, ya sentimita 3 na ya sentimita 2.

Kwa nini tusipitishe waya ulionyooka tu, kama michoro ya vitabuni inavyoonyesha? Kwa sababu L katika fomula ni urefu wa waya *ulio ndani ya uga*, wala si urefu wa waya wote. Uga haukatiki ghafla kwenye kingo za sumaku. Unafifia polepole, na hivyo kwa waya ulionyooka huwezi kusema L inaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa fremu, kipande cha mlalo kizima kimo ndani ya uga, nawe umekipima kwa rula.

Miguu nayo imo ndani ya uga, lakini haiharibu kipimo. Mkondo ndani yake unakwenda wima na uga ni wa mlalo, kwa hiyo kani zake ni za mlalo. Isitoshe, mkondo hushuka katika mguu mmoja na kupanda katika mwingine, na kani hizo mbili huelekea pande zilizo kinyume. Mizani husoma kani za wima peke yake.

## Hatua ya 4: Ning'iniza fremu bila kugusa kitu

Funga sehemu ya juu ya miguu kwenye stendi ya mbao kwa konekta za plastiki, kisha ishushe fremu hadi kipande cha mlalo kiwe katikati kabisa ya pengo, sambamba na nyuso za sumaku, nusu ya kimo chake. Kila mwisho wa kipande hicho uwe ndani ya kingo za sumaku kwa angalau milimita 5.

Fremu isiguse sumaku, chuma cha U wala povu. Waya ukigusa, mizani itapima mkono wako na mtikisiko wa meza, si kani ya sumaku. Pitisha karatasi nyembamba kuizunguka fremu yote. Ikipita bila kukwama, uko salama.

Nyaya zinazotoka kwenye fremu kwenda kwenye betri zianzie juu, sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye sumaku, nazo zisokotwe pamoja kama kamba. Waya mmoja ukipeleka mkondo na mwenzake ukiurudisha, nyuga zake karibu zinafutana zikiwa zimesokotana. Zikiachwa zimetawanyika mezani, kila mmoja unakuwa na uga wake, na uga huo si wa kupuuzwa: waya ulionyooka wenye ampea 5 hutoa, umbali wa sentimita 1, uga wa mikrotesla 100 (tesla ni kizio cha nguvu ya uga), ambao ni mara tatu hivi ya uga wa dunia katika Afrika Mashariki.

## Hatua ya 5: Unganisha saketi, balbu zikiwa breki ya mkondo

Hapa ndipo betri nyingi huuawa. Waya wa shaba una ukinzani mdogo mno, na ukiufunga moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki umetengeneza shoti: makumi ya ampea au zaidi, waya unaochoma vidole, na hatari ya moto. Lazima kuwe na kitu cha kuuzuia mkondo, na balbu za pikipiki zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko rezista nyingi za bei nafuu, kwa sababu zimetengenezwa kuhimili joto.

Mpangilio ni huu: chanya ya betri, fyuzi, swichi, kundi la balbu, multimita, fremu, kisha hasi ya betri. Balbu zenyewe zinapangwa sambamba ndani ya kundi lao, lakini kundi zima liko katika mfululizo na fremu. Kila balbu unayoiongeza kwenye kundi inaongeza mkondo.

Kwa betri iliyojaa, tarajia takribani thamani hizi:

- Uzi wa wati 5: ampea 0.4
- Balbu ya wati 10: ampea 0.8
- Uzi mmoja wa wati 21: ampea 1.75
- Nyuzi mbili za wati 21: ampea 3.5
- Nyuzi tatu za wati 21: ampea 5.25

Thamani halisi utaisoma kwenye multimita, kwa hiyo usijali zikitofautiana kidogo na hizi. Ziwashe balbu moja baada ya nyingine, si zote kwa pamoja, kwani uzi wa balbu ukiwa baridi huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kwa kitambo kifupi na unaweza kukata fyuzi.

Onyo. Waya mwekundu wa multimita uwe kwenye tundu la ampea 10, na ukiwa hapo usithubutu kuugusisha kwenye ncha za betri ili kupima volti, kwa sababu ndani ya tundu hilo ni kama waya mtupu. Multimita nyingi zinaruhusu mkondo mkubwa kwa sekunde 10 hadi 15 tu, kisha zipumzike. Balbu za wati 21 huunguza ngozi. Muunganiko wa mwisho ufanyike kwenye swichi, si kwenye betri, ili cheche isitokee karibu na betri inayoweza kutoa gesi ya haidrojeni.

## Hatua ya 6: Bashiri uelekeo kabla ya kuwasha

Andika ubashiri wako kwenye karatasi kwanza. Jaribio lisilotanguliwa na ubashiri halikufundishi kitu ukikosea.

Tumia kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming. Kunjua kidole cha shahada, cha kati na gumba ili kila kimoja kiwe na pembe mraba na wenzake. Cha shahada kionyeshe uga, kutoka K kwenda S. Cha kati kionyeshe mkondo katika kipande cha mlalo, kutoka upande wa chanya kwenda wa hasi. Gumba litaonyesha kani *kwenye waya*.

Neno hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Mizani haipimi kani kwenye waya, inapima kani kwenye sumaku, nayo iko kinyume. Gumba likielekea juu, namba ya mizani inapaswa *kuongezeka*. Likielekea chini, namba itapungua. Gumba likielekea pembeni, umepanga vibaya: uga si wa mlalo. Ukishindwa kuviweka vidole kwa pembe mraba, fremu imekaa kuelekea sumaku badala ya kwenda sambamba nazo.

## Hatua ya 7: Pima, geuza, pima tena

Anza na uzi mmoja wa wati 21. Washa, subiri namba itulie kwa sekunde mbili au tatu, soma mizani na multimita, zima. Kisha badilisha nyaya mbili za fremu ili mkondo upite kinyume, na urudie.

Tuseme namba ya kwanza ni gramu 186.78 na ya pili ni 186.06. Tofauti yake ni 0.72, na nusu yake, gramu 0.36, ndiyo badiliko linalotokana na kani. Njia hii ya kugeuza ni bora kuliko kulinganisha na namba ya mwanzo, kwa sababu mizani za bei nafuu huteleza polepole, na mtelezo huo karibu unajifuta unapotoa namba mbili zilizosomwa kwa kufuatana.

Kabla ya kuendelea na mikondo mingine, fanya jaribio la uongo. Inua fremu hadi iwe sentimita 15 juu ya sumaku, washa mkondo mkubwa kuliko yote, na uangalie mizani. Isipobadilika, kila ulichokipima kinatoka kwenye kipande cha mlalo. Ikibadilika, rudi kwenye hatua ya 4 na uzitazame upya nyaya zako.

Kisha pima kwa mikondo yote mitano.

## Hatua ya 8: Chora grafu na utafute B

Geuza kila badiliko la gramu kuwa niutoni kwa kuzidisha na 0.0098. Chora grafu ya kani dhidi ya mkondo.

Mafanikio ni mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Usihangaike na thamani ya B kabla ya kuupata mstari huo, maana mstari uliopinda ni ushahidi kwamba kitu kinagusa, kinavutwa au kimelegea, na hesabu yoyote utakayoifanya juu yake ni bure.

Chukua mfano wa namba: kwa mikondo ya ampea 0.8, 1.75, 3.5 na 5.25, mabadiliko yawe gramu 0.17, 0.36, 0.71 na 1.07. Mteremko wake ni gramu 0.204 kwa ampea, sawa na niutoni 0.0020 kwa ampea. Kwa kuwa F = BIL, mteremko huo ni BL. Ugawanye kwa mita 0.04, upate B = tesla 0.05.

Kwa sumaku za kauri na pengo la sentimita 2 hadi 3, jibu lililo baina ya tesla 0.03 na 0.1 ni la kuaminika. Ukipata tesla 5, hukugeuza gramu kuwa niutoni; ukipata 0.0005, hukugeuza sentimita kuwa mita. Ukipata 0.002, kagua tena kama ncha zinazotazamana ni tofauti.

Vipimo vya mkondo mkubwa ndivyo vya kutegemewa zaidi. Kosa la gramu 0.01 kwenye 0.17 ni karibu asilimia 6, ilhali kwenye 1.07 ni asilimia 1 tu.

## Hatua ya 9: Badilisha urefu, kisha pembe

Kwa urefu, hakuna ugumu. Tumia nyuzi mbili za wati 21 na uzibadilishe fremu. Kwa mfano wetu wa tesla 0.05 utapata gramu 0.71, 0.54 na 0.36 kwa sentimita 4, 3 na 2.

Pembe ndiyo inayohitaji uangalifu. Fomula kamili ni F = BIL sin θ, ambapo θ ni pembe kati ya mkondo na uga. Wanaojaribu kuihakiki kwa waya mrefu ulionyooka hukuta kani haipungui wanapouzungusha waya, na huhitimisha kwamba kitabu kimekosea. Kitabu hakijakosea. Waya ukiinamishwa, sin θ inapungua, lakini urefu ulio ndani ya uga unaongezeka kwa kiasi kilekile, na zao la viwili hivyo linabaki karibu palepale.

Tumia fremu ya sentimita 2, ambayo inaweza kuzunguka yote ndani ya pengo la sentimita 3 na L yake haibadiliki. Chora pembe kwenye kadi chini ya stendi, tumia nyuzi zote tatu za wati 21, na upime kwa nyuzi za pembe 90, 60, 30 na 0. Kwa tesla 0.05 tarajia gramu 0.54, 0.46, 0.27 na sifuri.

Kwa nyuzi 30 huenda ukapata zaidi kidogo ya 0.27. Hilo si kosa la mkono wako: miisho ya kipande cha mlalo sasa imezisogelea nyuso za sumaku, na huko uga ni mkali kuliko katikati ya pengo ulikoipima B.